Barua ya rufaa ninayoijutia

Kwenye droo ya meza yangu ya kliniki kuna nakala ya barua ya rufaa, ukurasa mmoja na nusu. Niliiandika mwaka wa pili tangu nirudi kazini nikiwa daktari bingwa wa figo, na siku ile niliiona ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Ilisema mgonjwa ana presha isiyosikia dawa, mshipa unaopeleka damu kwenye figo yake ya kushoto umesinyaa kwa asilimia 80, na kwamba anahitaji kupanuliwa mshipa huo kwa puto na kuwekewa stenti, kijimrija cha wavu cha kuushikilia uwe wazi. Mhuri ukagongwa, familia ikauza kiwanja Kigamboni, mzee akapanda ndege kwenda India.

Alikuwa na miaka 63, mwenye duka la spea Kariakoo, mcheshi, mwenye kisukari cha miaka kumi na tano na historia ya sigara aliyodai ameiacha. Presha yake kliniki haikushuka chini ya 180 kwa 100, na kwenye kadi yake nilikuwa nimeandika dawa nne. Altrasaundi ya dopla ilipoonyesha damu inapita kwa kasi kubwa kwenye mshipa wa kushoto, nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Nikaagiza siti-skani ya mishipa, ikathibitisha. Hapo nikaacha kufikiri.

Alirudi baada ya wiki tatu. Picha alizokuja nazo zilikuwa safi kabisa: kabla ya puto, mshipa kama uzi, baada ya stenti, mshipa mnene kama kidole. Madaktari kule walifanya walichoombwa, tena kwa ustadi. Lakini mzee alikuja na soksi nene katika joto la Februari. Nilipomwomba azivue, vidole vitatu vya mguu wa kulia vilikuwa na rangi ya zambarau, na ngozi ya mguu ilikuwa na mistari kama wavu wa samaki. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayopanda figo zikishindwa kuichuja, ilikuwa 210 alipoondoka, sasa ilikuwa 390. Mwezi uliofuata ikapita 500.

Kwa asiyejua, tukio hilo lina maelezo. Mshipa mkuu wa damu wa mtu mwenye kisukari na sigara ya miaka mingi huwa na utando wa mafuta na chokaa ndani ya kuta zake. Waya na mipira inayopitishwa kutoka kwenye paja kwenda juu huweza kuukwangua, na vipande vidogo sana vya lehemu vikasafiri na damu hadi vinapokwama: kwenye vidole vya miguu, na kwenye figo zenyewe, ile mbovu na ile nzima. Ongeza na ile dawa ya rangi ya kupigia picha, ambayo figo dhaifu huipokea kwa shida. Mzee alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kabla ya mwaka kuisha. Na presha? Ilibaki 180.

Siku moja, akiwa kwenye kiti cha mashine, alinivuta karibu. "Daktari wangu," akasema kwa sauti ya chini, "zile dawa nne, mimi nilikuwa nakunywa mbili. Zile nyingine zilinimaliza nguvu za kiume. Nisingeweza kusema mbele ya mama watoto." Mkewe alikuwa anaingia naye kliniki kila mara, na mimi sikuwahi kumwomba atupishe hata dakika tano.

Nilirudi ofisini nikaisoma barua upya. Presha isiyosikia dawa ni ile inayobaki juu ingawa mgonjwa anakunywa dawa tatu kwa dozi kamili, moja wapo ikiwa ya kukojoza. Mgonjwa wangu hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa na dawa ambazo hazikufika mdomoni.

Nikachukua na ripoti ya altrasaundi, na majibu ya mkojo. Yote yalikuwamo. Figo ya kushoto ilikuwa na sentimita 7.4, wakati figo ya mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya tisa na kumi na mbili. Kipimo cha ukinzani wa mishipa midogo ndani ya figo kilikuwa 0.86. Kwenye mkojo, protini ilikuwa na alama tatu za kujumlisha. Vitu hivyo vitatu vilikuwa vinaniambia jambo moja: figo hii imekwisha kufa ndani, kwa sababu ya kisukari na presha ya miaka mingi, na kovu halifufuki ukiliongezea damu. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha kwamba wagonjwa wenye ukinzani wa 0.80 na kuendelea karibu hawakupata nafuu yoyote baada ya kupanuliwa mshipa. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote na namba hiyo, nami siichukulii kama sheria. Ila kwa mzee yule haikuwa namba peke yake, ilikuwa imekuja na mashahidi wawili. Mimi nilisoma jambo moja tu: mshipa umesinyaa kwa asilimia themanini.

Kosa langu lilianzia mbali zaidi, kwenye namna tulivyofundishwa. Mwaka 1934, huko Cleveland, Harry Goldblatt alibana mishipa ya figo za mbwa kwa vibanio vidogo, na presha za mbwa wale zikapanda. Figo inayonyimwa damu hudhani mwili mzima umekaukiwa, ikamwaga renini, kemikali ya kupandisha presha, mishipa ikakaza, chumvi ikazuiwa, presha ikapanda. Jaribio zuri, la kueleweka hata na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kisha mwaka 1978 Andreas Grüntzig akaripoti kupanua mshipa wa figo kwa puto, na tangu hapo hesabu ikaonekana rahisi: kibanio kimebana, ondoa kibanio. Kumbe mbwa wa Goldblatt walikuwa wazima siku ile walipobanwa. Mzee wangu wa Kariakoo hakuwa mzima. Mshipa mwembamba unaweza kuwa chanzo cha presha, lakini pia unaweza kuwa mmoja wa majeruhi wake, na picha haikuonyeshi upi ni upi.

Tafiti kubwa zilishalisema hili wakati naandika barua yangu. Utafiti uitwao ASTRAL wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 806 kutoka Uingereza, Australia na New Zealand, haikuona faida ya maana kwa waliopanuliwa juu ya waliobaki na dawa peke yake. Iliona watu 23 waliopata madhara makubwa ya upasuaji huo, wakiwamo wawili waliofariki na watatu waliokatwa vidole au mguu. Utafiti mwingine, CORAL wa Marekani, uliotoka miaka michache baadaye ukiwa na wagonjwa 947, uliwafuatilia kwa zaidi ya miaka mitatu. Vifo, viharusi, mishtuko ya moyo na figo kufeli, vikijumlishwa, vilikuwa asilimia 35.1 kwa wenye stenti na 35.8 kwa wenye dawa. Nilizisoma zote mbili. Nikajiambia hao ni Wazungu, wana dawa za kila aina na mtu wa kuwakumbusha kuzinywa. Wetu wa hapa bora apanuliwe mara moja tuyamalize. Hoja hiyo ilinipendeza sana, na ningependa kusema leo kwamba ilikuwa na ukweli kidogo. Haikuwa nao.

Kwa miaka miwili iliyofuata sikumpeleka mtu yeyote. Nilikuwa nimeungua kwa uji, nikawa napuliza hata maji. Ndipo akaja bibi kutoka Tanga.

Bibi huyo alikuwa na miaka 68, na alikuwa amelazwa mara tatu ndani ya miezi minne kwa tukio lile lile. Analala vizuri, saa nane za usiku anaamka akizama, anahema kama aliyetolewa baharini, povu la waridi mdomoni. Akifika hospitali anachomwa lasiksi, dawa ya kukojoza, anawekewa oksijeni, asubuhi anaomba chai. Wajukuu wake walikuwa wameshaanza kunong'onezana kuhusu jinamizi na jirani fulani. Sisi nasi tulikuwa na jinamizi letu, tuliloliita moyo kufeli, ingawa kipimo cha moyo kilionyesha moyo unaosukuma vizuri kuliko wangu.

Mimi ndiye niliyemwanzishia losatani, dawa ya presha. Baada ya siku kumi kreatinini ilipanda kutoka 110 hadi 240. Ikipanda kidogo kwa dawa za kundi hilo hatuogopi. Ikizidi asilimia 30 inabidi usimame ujiulize. Dawa hizi hulegeza mshipa wa kutokea kwenye kichujio cha figo. Ikiwa mlango wa kuingilia umebanwa, figo ilikuwa inaishi kwa kuukaza ule wa kutokea. Ukiulegeza, msukumo unaisha. Na kwa kuwa figo mbili haziwezi kuporomoka hivyo kwa kosa la upande mmoja, nilijua kabla ya picha kwamba mishipa yake yote miwili imebanwa. Nilisimamisha losatani siku hiyo hiyo.

Mwaka 1988 Pickering na wenzake walikuwa wameandika kuhusu wagonjwa 11 wa namna hii hii, wanaojaa maji kwenye mapafu ghafla wakati presha ikiwa juu na mishipa ya figo imeziba. Mtu mwenye figo moja nzima hukojoa ile chumvi ya ziada. Aliyebanwa pande zote hana pa kuitolea, kwa hiyo inarudi kifuani. Na hawa ndio wagonjwa ambao ASTRAL haikuwachukua kwa wingi, kwa sababu sharti la kuingia lilikuwa daktari awe na shaka kama upanuzi utamfaa mgonjwa. Daktari aliyeona bibi anazama mara tatu hakuwa na shaka, akampeleka moja kwa moja. Nilikuwa nimezisoma tafiti mara ya kwanza kama mtu anayetafuta ruhusa ya kuzipuuza, na mara ya pili kama mtu anayetafuta ruhusa ya kutofanya chochote. Zote mbili ni njia mbaya za kusoma.

Figo za bibi zilikuwa na sentimita tisa na nusu na kumi, mkojo karibu safi, na kreatinini ilirudi 120 baada ya kuacha losatani. Maana yake figo zilikuwa hai, zina njaa tu. Safari hii hakuna aliyeuza kiwanja. Alitibiwa hapa hapa Dar es Salaam. Nilisimama nyuma ya kioo nikiangalia. Kabla ya kupuliza puto, mwenzangu alipima msukumo wa damu kabla na baada ya pale palipobana, na tofauti ilikuwa zaidi ya 20, kiasi cha kutuambia kwamba penyewe panazuia damu kweli. Ni kipimo kisichochukua muda mrefu na sijui kwa nini nilikuwa sikiulizii zamani. Bibi hakulazwa tena kwa kuzama. Miezi miwili baadaye nilimrudishia losatani kwa woga mkubwa, dozi ya mtoto, na kreatinini haikutikisika.

Kuna wengine ninaowataja haraka kwa sababu hawakunisumbua akili: kijana aliyegunduliwa mshipa umebana kidogo, asilimia 40, na baba yake akitaka "uzibuliwe kabla haujaziba kabisa", mama wa miaka 80 ambaye presha yake ilikuwa inatulia kwa vidonge viwili. Niliwaambia hapana, wakanuna, wako wazima.

Aliyenisumbua ni mwalimu mstaafu wa miaka 71, mwenyeji wa Machame. Alipigwa siti-skani kwa ajili ya jiwe la figo, wakakuta mshipa wa kulia umesinyaa kwa asilimia 75. Watoto wake wawili wako Marekani. Walinipigia simu ya video wote wawili kwa pamoja, wamejiandaa, wamesoma, na gharama wangelipa wao.

Nilimwambia mzee, "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kuwaeleza hawa wadogo zangu."

"Marahaba. Kwanza nieleze mimi."

Nikamweleza. Presha yake ilikuwa 138 kwa 80 kwa dawa mbili, na alizileta zote kwenye mfuko wa rambo, akahesabiwa vidonge. Kreatinini haikusogea kwa miaka miwili. Hajawahi kuzama usiku. Kupanua kungempa nini asicho nacho? Hatari yake nilimweleza bila kuficha, pamoja na habari ya soksi nene. Jina sikulitaja.

Alikaa kimya, kisha akawaambia wanawe kwenye simu: "Mnaukumbuka mfongo, ule mfereji wa maji wa babu yenu? Maji yakipungua, hukimbilii kuchimba. Unatembea kwanza chini uone kama migomba inanyauka. Kama migomba imesimama, maji yanatosha. Ukichimba bila sababu unabomoa ukingo, unapoteza hata yale uliyokuwa nayo." Binti yake alicheka. Kijana hakucheka, akataka kujua tutajuaje migomba ikianza kunyauka. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Tulikubaliana: kreatinini na altrasaundi ya urefu wa figo kila baada ya miezi sita, na akiamka hata mara moja akikosa pumzi asinipigie, aende hospitali ya karibu kisha wanipigie wao. Nikamwongezea atovastatini ya kushusha lehemu, na aspirini, tukabishana kidogo kuhusu kitimoto. Bado anakuja. Migomba imesimama.

Wa mwisho ni binti wa miaka 26, na huyu ndiye aliyenifundisha kwamba kuchagua mgonjwa huanza kabla ya mashine yoyote.

Alikuja kwangu baada ya kupoteza ujauzito wa miezi saba. Kwenye makaratasi iliandikwa kifafa cha mimba, na maelezo yakaishia hapo, kwa sababu kifafa cha mimba kinaeleza kila kitu kwa mtu mwenye haraka. Lakini miezi mitano baada ya kujifungua kichwa kilikuwa bado kinamuuma na macho yanaona ukungu. Alikuwa amehudhuria kituo kimoja mara nyingi, na kila mara aliambiwa presha ni nzuri sana, 95 kwa 60, pengine ana mawazo. Kadi yake ilikuwa imejaa namba hizo.

Muuguzi wetu, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu, alimpima akakunja uso. Akapima tena. Kisha akamshika mikono yote miwili kwa wakati mmoja, kama anayemsalimia, akaniita: "Daktari, mkono huu wa kushoto hauna mapigo." Mkono wa kulia ulikuwa na 198 kwa 110.

Ugonjwa huu una jina la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliyeueleza mwaka 1908. Hushambulia zaidi wanawake vijana. Kuta za mishipa mikubwa huwaka moto, hunenepa, kisha hubana. Mshipa wa mkono wake wa kushoto ulikuwa umeziba, kwa hiyo kila aliyeupima alipata namba ya mkono uliokosa damu. Mshipa wa figo ya kushoto nao ulikuwa umebana sana. Figo ilikuwa na sentimita kumi na nusu, mkojo safi. Hapa kibanio cha Goldblatt kilikuwa chenyewe hasa.

Kila mtu alitaka apanuliwe wiki ile ile, na mimi wa kwanza. Lakini vipimo vya damu vilionyesha moto bado unawaka, na ukipuliza puto kwenye mshipa unaowaka, mara nyingi hujibana upya na unaweza kuwa mbaya kuliko mwanzo. Tulimweka kwenye predinisoloni na methotreksati, dawa za kuuzima moto huo, na dawa za presha za kumvusha. Uso ukamvimba, akalia kwenye kioo, akaniambia wazi kwamba ananichukia. Mchumba wake alikuja mara mbili kisha hakuja tena. Ilichukua miezi saba moto kutulia.

Mshipa wake ulikuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Puto lilipulizwa kwa nguvu kubwa mara tatu ndipo ukaachia. Hakuwekewa stenti, kwa kuwa kwa wagonjwa wa aina yake puto peke yake hutangulia na stenti huachwa kwa ajili ya likishindwa. Aliingia na dawa nne, sasa anakunywa moja, ile ya watu wanaotaka kushika mimba, kwa sababu anataka.

Wiki iliyopita alikuja kliniki. Yule mama muuguzi alishastaafu. Mezani alikuwapo kijana mpya, mwenye haraka, foleni imefika mlangoni. Nilikuwa napita na faili mkononi nikaona anamfunga kitambaa cha mashine kwenye mkono wa kushoto, ule uliokuwa karibu naye. Binti akakivua mwenyewe, akageuka kwenye kiti, akamnyooshea wa kulia.

"Pima huu, kaka," akamwambia. "Huo mwingine ni mwongo."